Kijiti cha Mtini

Mtini alioupanda marehemu mama, uliokuwa wa pekee kijijini Idete, ulisombwa na mafuriko. Niliokoa vijiti viwili tu. Kimoja nilimpa jirani yangu Brigita, kingine nikakipanda kwenye chungu jikoni, mto ukizidi kujaa.

Baada ya wiki mbili Brigita akaja jikoni kwangu na chungu chake. Kijiti kilikuwa kimeoza.

"Dada, umekimwagilia kama mpunga," nikamwambia.

"Na chako je? Kitendawili."

"Tega."

"Mtoto wako ana majani, lakini hana miguu."

Nilicheka, kisha nikakivuta changu. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Chini kilikuwa cheusi, kinanuka tope. Kumbe nami nilikimwagilia vile vile.

Nikashika kisu, nikakata palipooza. Ndani bado palikuwa peusi. Nikakata tena juu kidogo. Kikabaki kipande kama kidole, chenye jicho moja la kuchipua.

Nikakata mara ya mwisho. Tone la utomvu mweupe likachomoza; bado kilikuwa hai.

Nikamnyooshea Brigita kile kipande. Nyumba yake iko mlimani, yangu bondeni.

"Kichukue," nikamwambia. "Ila maji yake yawe kama mate tu."

Nyuma yangu mto ulikuwa umeshaingia jikoni, unazima moto.