Kamba ya Bluu

Mayunga alikuwa katikati ya kisima, akipanda kwa kamba kutoka kuchimba, nilipoona fundo lake linatembea.

Alikuwa amelifunga kwenye kisiki kama babake alivyofunga kamba za katani miaka yote. Lakini hii haikuwa katani. Ilikuwa ya plastiki, ya bluu, laini kama nywele zilizopakwa mafuta. Niliinunua mwenyewe mnadani Bariadi. Mkia wake uliobaki nje ya fundo, uliokuwa na urefu wa shibiri, sasa ulikuwa mfupi kama kidole.

“Subiri hapo,” nilimwambia mume wangu. “Usijivute.”

“Kwani umepata mchumba huko juu?”

Mama mkwe alikuja, akainama, akaona. Alinong'ona ili mwanawe asisikie.

“Hii imetengenezwa wapi?”

“Sijui, mayu. Ni ya nje. Maduka yote yamejaa hizi sasa.”

“Hukuuliza?”

“Niliuliza bei tu.”

Nilibana fundo kwa vidole. Liliendelea kuteleza chini ya vidole vyangu, polepole, kama kitu kilicho hai. Chini ya Mayunga kulikuwa na mawe matupu. Maji hatukuwa tumeyafikia.

“Mikono inachoka,” alisema, bila utani tena. “Napanda.”

Nilivua khanga ya mabegani, nikaiviringisha kwenye kamba, nikaishika kwa mikono miwili na kukita visigino kwenye udongo. Mama mkwe akanikumbatia kiunoni kwa nyuma. Nilisikia moyo wake ukinigonga mgongoni.

Mkia wa bluu ukapotea ndani ya fundo, na uzito wote wa Mayunga ukaja mikononi mwangu.