Mlango wa Pili

Panya mmoja mjane, mchimbaji hodari, alimlea mwanawe Chande mpaka akaingia bungeni, mdogo kuliko wabunge wote. Bunge la panya lilikaa shimoni, na shimo lilikuwa na mlango mmoja.

"Mwanangu, waambie tuchimbe mlango wa pili," mama alimsihi. "Koboko amehamia kichuguuni."

"Mama nawe! Babu zetu waliishi na mmoja."

"Na wako wapi hao babu zako?"

Siku ya hoja hiyo bungeni, Chande aliutetea mlango wa mababu kwa ufasaha hata wazee wakapiga mikia sakafuni. Wakampa kiti cha heshima, kule ndani kabisa. Wao wenyewe walikaa mlangoni, penye hewa.

Koboko alipokaribia, wazee walimwona wakachoropoka. Akaingia.

Mama, aliyekuwa juu akitafuta mizizi, akasikia sauti chini ya miguu yake: "Mama, chimba! Mama!"

Akachimba mpaka kucha zikang'oka. Hatimaye ardhi ikatoboka, na panya wakapata mlango wa pili. Wa kwanza kuutumia alikuwa koboko, akitoka polepole, tumbo limemtuna.