Kinga Iliyotolewa

Fundi Chande aliinua uso akamwona Lukindo mlangoni, amekumbatia mashine ya kupumulia ya mama yake. Mama huyo walikuwa wamemzika juzi.

"Ifungue," Lukindo alisema, akiitua mezani.

Chande alilegeza skrubu nne, harufu ya kuungua ikapanda. Ubao wa ndani ulikuwa mweusi, na pale umeme unapoingilia palikuwa na matundu mawili matupu.

"Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Redio ya jirani ikapona, hii ikaungua. Hapo palikuwa na nini?" Lukindo akauliza.

Chande angeweza kumdanganya, maana Lukindo hakujua lolote la umeme.

"Palikuwa na kinga," akasema. "Kidude kidogo kama kifungo cha shati, chenye miguu miwili. Umeme ukizidi, kinaungua chenyewe, mashine inasalimika. Ulipoileta mara ile niitengeneze, kilikuwa kimeshaungua. Nikakitoa. Sikuwa na kingine, na mashine iliwaka bila hicho."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Lukindo akachukua nyundo, akamshika mkono, akaubana mezani. Pigo la kwanza lilivunja vidole viwili. Chande alipiga yowe, lakini mkono hakuuvuta. La pili lilipasua ngozi, damu ikarukia ule ubao mweusi. Lukindo akainua nyundo mara ya tatu, kisha akagundua kwamba alikuwa ameshauachia mkono ule zamani, nao bado uko palepale, unamngoja.

Nyundo ikamponyoka. Akaikumbatia tena mashine, hivyohivyo ikiwa wazi, akatoka nayo juani, waya wake ukiburuzika vumbini.