Kopo Jekundu

Redio ilipotangaza kwamba oili ya kopo jekundu irudishwe madukani kwa kuwa inaganda kwenye baridi na kuua injini, Ambakisye alitoa kiti nje ya duka lake la vipuri, akaketi kutazama. Mjini pale oili hiyo iliuzwa na Lutengano peke yake, ng'ambo ya barabara, yule aliyemnyang'anya wateja. Leo ataumbuka!

Wateja walifika na makopo yao, pumzi zikiwatoka kama moshi. Ambakisye akasubiri matusi. Lakini Lutengano alikuwa amewasha jiko la mkaa mlangoni.

"Poleni jamani. Karibuni mwote moto."

Watu wakacheka, wakapanga foleni huku wamenyoosha viganja.

"Wanamchekea nini?" Ambakisye alisaga meno.

Ndipo akamwona mkewe mwenyewe, Mama Tusa, akitoka kwenye mashine yake ya kusaga, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Alivuka barabara bila kugeuza shingo, kopo jekundu kwapani.

"Kigoda chako hiki, Mama Tusa," Lutengano alisema, akakitoa ndani.

Hata kutoka ng'ambo, kabla mkewe hajakikalia, Ambakisye alikiona: kigoda cheusi, katikati cheupe kwa unga.