Herufi Moja kwenye Foronya

Fundi wa kutarizi aliliona kosa lake foronya ikiwa tayari mikononi mwa mteja. Katikati ya maua ya njano, mahali pa "Lala Salama", alikuwa ametarizi "Lala Salma". Herufi moja ilikuwa imemponyoka.

Mteja, ambaye mtaa mzima ulimwita Nesi tu, alipapasa maandishi yale kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudia.

"Fundi, jina langu umelipata wapi?"

Fundi alihisi masikio yakimwaka moto. Miezi minne alikuwa akimwona akipita hapo dukani, na kila siku ujasiri wake uliishia kwenye "habari za kazi". Sasa angeweza kudai kuwa alilitafuta jina hilo kwa udi na uvumba, na angeaminika.

"Nimekosea, dada Nesi," akasema. "Jina lako nimelijua sasa hivi. Lakini tafadhali, usiniambie nifumue."

Nesi aliangua kicheko mpaka akashika meza. Akamsogezea foronya ya pili, ambayo ilikuwa bado nyeupe pee, haina hata ua.

"Na wewe, fundi, unaitwa nani?"