Kawa la Jioni

Mwanasiti aliacha nyumba yenye uwanja na mipapai kule pembezoni mwa mji, akabanana na familia yake katika vyumba viwili karibu na kazini kwa mumewe, kwa kuwa foleni ya magari ilimnyang'anya mume jioni zote.

Siku ya kwanza mume alifika jua lingalipo, akaketi mkekani na binti yao. Mwanasiti akapakua wali, kisha kwa mazoea akatenga sahani moja, akaifunika kwa kawa.

"Mama, hiyo ya nani?"

"Ya baba'ko."

"Si huyu hapa?"

Jirani akadakia dirishani: "Shoga, kwani una waume wangapi?"

Wakacheka wote. Mwanasiti akafunua sahani. Mvuke ukampanda mumewe usoni, naye akafumba macho.

"Alhamdulillahi," akasema.

Mwanasiti akabaki na kawa mkononi, hajui alitundike wapi.