Upande wa Zuwena

Kwa miaka yote aliyokula sinia moja na mama mkwe wake, Bi Shekha, Zuwena hakuwahi kugundua kwamba wali wa upande wake haupungui. Aliamini anakula kidogo. Ndiyo maana, daktari alipomwonya kwamba asipopunguza uzito kisukari hakiko mbali, alishangaa, na mchana ule alikuja jamvini na sahani yake.

Bi Shekha aliikodolea macho. "Tumegombana, mwanangu?"

"Hatujagombana, mama. Nataka nijue ninachokula."

"Na ndugu zako waseme nakunyima? Ulikuja hapa mwembamba kama ufito. Mimi ndiye niliyekunawirisha!"

Alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye sahani ile. Zuwena aliiweka sahani kando, akanawa, akarudi kwenye sinia. Alikula polepole, na hapo ndipo alipouona mkono wa Bi Shekha: huku mwenyewe akisimulia harusi ya jirani, vidole vyake vilikuwa vikisogeza wali, tonge baada ya tonge, upande wa mkwewe.

Zuwena aliushika mkono ule kwa upole. "Mama, nisogezee mchicha."

Bi Shekha aliikatiza hadithi ya harusi. Kisha alivuta bakuli la mchicha, akaumimina wote mbele ya Zuwena mpaka wali usionekane.

"Haya, kula. Usiende kusema sikukushibisha."

Tangu siku ile waliendelea kula sinia moja, na upande wa Zuwena ulikuwa wa kijani.